Jina la Gathercole na Wanawake Wake Wawili

Nimeacha kazi ya udobi nikiwa na magoti mabovu na mikono mizima. Wenzangu wengi wameacha kinyume chake, kwa hiyo silalamiki. Aliyenitia kuandika ni Wanjiku, ambaye alikuwa akikunja shuka pamoja nami huku anasoma chuo. "Shosho, andika," alinambia, maana kwao shosho ni bibi. "Hawa wapya wana-treat nguo za wazee kama mzigo wa sokoni." Nikamwambia mimi nimesoma Kurani kwa Maalim Athmani, na skuli darasa nne, nikaishia hapo. Akasema, "Andika vile unaongea." Haya, naandika ninavyosema. Atakayekwama na asome kwa sauti.

Naitwa Mwanasha binti Kombo bin Haji, mzaliwa wa Mombasa. Nilikuja huku Minnesota, Marekani, kwa mwanangu, na nilipochoka kukaa nyumbani kuangalia theluji, nikatafuta kazi. Nikaipata Saint Paul, kwenye nyumba ya wazee, chini kabisa kwenye besmenti, chumba cha udobi. Siku ya kwanza nilipewa kadi ya kifuani imeandikwa Haji. Afisini walitaka jina la mwisho, na la mwisho kwenye pasipoti ndilo hilo. Basi miaka yote nikaitwa Bibi Haji, kama mke wa Haji. Sasa Haji ni babu yangu. Kwetu babu humtania mjukuu wake wa kike kwamba ni mkewe. Huku waliuchukua utani ule wakaupiga chapa.

Aliyenipokea ni Doris. Mwanamke mfupi, mzaliwa wa papo hapo, shingo imeingia mabegani kwa kuinama. Alikuwa ameshakaa kwenye udobi ule kabla hata ya mashine zile kuletwa. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota, na yeye hakuwa mtu wa maneno, kwa hiyo tulielewana upesi. Alinionyesha mashine kubwa za kufulia, ambazo mlango wake unaupiga teke ndipo ufunge. Akanionyesha za kukaushia, zenye vichujio vya kukamata manyoya ya nguo. Vichujio vile, enyi mnaoingia sasa, visafisheni kila mzigo, si kila mtakapokumbuka. Halafu akaniweka mbele ya kitu alichokipenda kuliko vyote: mashine ya lebo.

Ilikuwa kama pasi iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Unachapa jina juu ya utepe mweupe, unauweka ndani ya ukosi wa nguo, unashusha ule mkono, unahesabu pole pole, unainua. Jina halitoki tena, hata kwa maji ya moto. Kila mzee anayeingia, nguo zake hushuka kwetu kwanza zipigwe lebo, ndipo zipande chumbani. Doris alisema, "Soksi haina ndugu. Isipokuwa na jina, ni yatima." Sijapata mwalimu aliyesema neno kubwa kama hilo juu ya soksi.

Kusoma sikuwa hodari, lakini majina yalinikaa. Nimelelewa hivyo. Kwetu mtoto akipita barabarani huulizwa, "Wewe wa nani?" na hasemi jina moja, atasema la baba na la babu, na mwulizaji atamalizia mwenyewe mpaka mji walikohama. Kwa hiyo nilizichukua lebo zile kama watu. Shida ni kwamba watu wa Minnesota majina yao ni machache na wao ni wengi. Kina Johnson, kina Anderson, kina Olson. Ukumbi mmoja tu wa ghorofa ya pili ulikuwa na kina Olson watatu, na wote wanapenda sweta ya kijivu. Hapo ndipo udobi unapokuwa kesi. Bwana Arne Olson aliwahi kwenda kanisani na suruali ya Bwana Leroy Olson, akarudi amekasirika kwamba amekonda.

Lakini kulikuwa na jina moja lisilotaka hata herufi ya mbele ya kulitofautisha: Gathercole. Mwenyewe alikuwa Bi Edna, chumba cha mwisho, ghorofa ya tatu. Doris aliipenda sana lebo ile. "Wangekuwa wote kina Gathercole mmoja mmoja," alisema, "saa sita tungekuwa nyumbani."

Bi Edna alikuwa mrefu, mkavu, mpishi wa skuli aliyestaafu, na sauti ya mtu aliyezoea kuwanyamazisha watoto mia wenye njaa. Hakupenda nguo kuachwa kitandani. Alitaka nizitie mwenyewe kabatini, na nikizitia atanisemesha. Siku za mwanzo alinisahihisha. Baadaye akanizoea.

"Unajua jina langu ni adimu?" aliniuliza siku moja.

"Najua, Bi Edna. Udobini tunakushukuru."

"Limetoka Uingereza. Watu wake walikuwa wakusanya mkaa msituni. Tazama hapa." Akafungua kitabu cha simu, kile kikubwa cha mji mzima, akaweka kidole. Kina Johnson walikuwa wamejaza kurasa na kurasa. Kina Gathercole walikuwa mistari miwili. Mmoja ulianza na herufi E, maana hakuwa amekata simu yake ya zamani. Wa pili ulianza na L.

"Na huyu wa pili?" nikauliza.

Akafunga kitabu. "Hilo ni kosa la wachapaji."

Nami nikaamini. Kwa nini nisiamini? Sisi wenyewe tulikuwa tunakosea lebo kila wiki.

Doris alipostaafu alinipa mkasi wake, na nafasi yake kwenye meza ya kukunjia akaichukua Mama Furaha, mwenyeji wa Bukavu. Kiswahili chake kilikuwa na Kifaransa ndani kama karanga ndani ya kashata. Mimi nikisema "samahani", yeye husema "pardon", tukagongana na matoroli hivyo hivyo. Wanjiku naye akaja mwaka uleule. Udobi ukawa wa Waswahili. Juu wanazungumza mambo ya juu, chini sisi tunazungumza ya dunia nzima.

Basi asubuhi moja, theluji ya kwanza imeshaanguka na kuyeyuka, lifti ikashusha toroli la mgeni. Blauzi za maua, suruali laini za mpira kiunoni, shali moja ya hariri. Juu yake karatasi ya afisi: zipigwe lebo, chumba ghorofa ya pili, jina Gathercole.

Mama Furaha alilisoma mara mbili. "Mwanasha! Gazakoli mwingine!"

Jamani, tulifurahi kama tumezaa. Nikaeleza kwamba Bi Edna hana mtu, sijapata kuona mgeni chumbani mwake. Jina lile halina watu mjini. Na huyu ni mwanamke, karibu umri mmoja naye. Sasa mwanamke na mwanamke wenye jina moja adimu, watakuwa nini?

"Baba mmoja," akasema Mama Furaha.

"Au baba zao ni ndugu," nikasema mimi.

Wanjiku hakuwapo siku ile, alikuwa na mtihani. Angekuwapo labda angetuzuia, maana kwao wameanza mambo ya kizungu katika majina. Lakini mimi kwetu mwanamke huzaliwa na jina la baba yake na huzikwa nalo. Aolewe mara moja, aolewe mara nne, yeye ni binti Kombo. Mume hampi mke jina, humpa mahari. Na Mama Furaha akasema kwao mama yake alikufa na jina lake mwenyewe, vilevile. Nilikuwa najua kwa kusikia kwamba Wazungu hubadilisha, lakini kujua kwa kusikia si kujua. Hakukuzuii ukiwa na furaha.

Nikazipiga pasi zile blauzi kama za bibi harusi. Mama Furaha akampigia simu mpishi, akamwomba wanawake hawa wawili wawekwe meza moja chakula cha mchana. Mimi nikapanda ghorofa ya tatu.

"Bi Edna," nikasema, "Mungu hamtupi mja wake. Ndugu yako amekuja."

"Sina ndugu."

"Unaye. Yuko hapo chini. Gathercole."

Aliinuka kitini. Halafu akavaa viatu vizuri, akajipaka rangi ya mdomo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya, akashuka nami. Nilidhani ni shauku.

Mgeni alikuwa ameshakaa mezani kwenye kiti cha magurudumu, mnene kidogo, nywele zimetengenezwa, anachezea kijiko. Akainua uso.

"Lorraine," akasema Bi Edna.

"Edna." Kijiko kikatulia. "Umezeeka."

"Wewe umenitangulia. Mimi nimekuja kwa miguu yangu."

"Edna, mimi sikujua kwamba uko hapa. Wallahi sikujua." Kwa kweli hakusema wallahi, lakini uso wake uliapa.

Bi Edna akanigeukia mimi, na ukumbi mzima ukasikia, maana ile sauti ya skuli haijui kunong'ona. "Bibi Haji, huyu si ndugu yangu. Huyu ndiye aliyeondoka na mume wangu."

Bwana Arne Olson peke yake ndiye aliyeuliza kama kuna mtu anaweza kumpitishia siagi.

Ndivyo tulivyojifunza, mimi na Mama Furaha, kwamba hakuna hata mmoja katika wale wawili aliyezaliwa Gathercole. Mwenye jina alikuwa mwanamume, Walter, muuza tanuri za kupashia nyumba joto. Alimwoa Edna, akamwacha, akamwoa Lorraine, akafa. Yeye akaenda zake, jina likabaki na wanawake wawili ambao hakuna tone la damu yake ndani yao. Enyi wa udobini, shikeni hili: ukiona lebo mbili zinafanana nchi hii, kabla hujauliza baba yao nani, uliza mume wao nani.

Sasa ikawa kesi. Bi Edna alipanda lifti bila kula, akamwita msimamizi, Bwana Dale, akamwambia kwa maneno machache: "Ni yeye au ni mimi." Dale alikuwa mtu mwema, mwenye macho ya mtu asiyelala. Bi Edna alikuwa amekaa pale miaka, chumba chake hakigusiki. Lorraine ameingia juzi, na mkataba wake ulikuwa bado wa majaribio. Kitanda pekee kilichopatikana kilikuwa kwenye nyumba nyingine mbali sana kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Lorraine alikuwa na binti mmoja, Karen, anaishi Apple Valley, si mbali, kila jioni akitoka kazini hupita kumwona mamake. Huko kaskazini, kwa barabara za theluji, angemwona mara ngapi? Dale akasema watajaribu kusema na Bi Edna, lakini isipowezekana, Ijumaa Lorraine ataondoka.

Nilipompelekea Lorraine nguo zake alikuwa anatazama dirishani, kule kwenye maegesho ambako gari la Karen huingia.

"Usizitie kabatini, mpenzi," akasema. "Ziache tu kwenye sanduku."

Nikazitia kabatini. Nguo haikai sandukuni kabla ya safari, hukunjika.

Pale udobini nilikuwa na tatizo langu. Gathercole wawili, lazima lebo moja iongezwe herufi. Nikapanda kwa Bi Edna nikamwuliza kama anakubali niweke E.

"Kwa nini mimi?" akafoka. "Mimi nilikuwa wa kwanza! Mwongezee yeye herufi."

Nikashuka kwa Lorraine. Akasema, "Niongezee mimi. Yeye alikuwa wa kwanza, kweli."

Nilisimama na utepe mkononi nikawaza. Maana mtu anayetaka mwenzake aondoke hajali herufi. Ijumaa ikifika herufi nayo itaondoka. Bi Edna alikuwa anagombania jambo lingine. Alitaka mtu aseme kwamba yeye alikuwa wa kwanza. Na nilipomwambia kwamba Lorraine amekubali, tena amesema neno lile lile, alikaa kitandani akajifanya anatafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Wanjiku aliporudi tukamsimulia. Alicheka mpaka akakalia shuka safi. "Shosho! Hata Mama Furaha! Mli-assume ni ma-sister?" Tukamwambia asituchekee, afanye kazi ya maana. Chuoni kwao kuna maktaba kubwa, akatafute hilo jina lina nini. Siku ya pili akaja na habari. Ni jina la Waingereza wa upande wa mashariki, kwenye mabonde ya majimaji, na hata huko kwao si la watu wengi. Gather ni kukusanya, lakini cole ni nini wenye elimu hawajakubaliana. Wengine wanasema ni mkusanya mkaa. Wengine wanasema ni mkusanya kabichi. Wengine wanasema ni jina la utani alilopewa mtu anayekusanya baridi, yaani mzee ambaye hata jua likiwaka yeye anatetemeka.

"So hakuna anayejua," akasema Wanjiku.

"Anajua Bi Edna," nikasema. "Ni mkaa."

Nilikuwa namkunjia Lorraine shali yake nilipomweleza. Akakunja uso. "Mkaa? Hapana, mpenzi. Ni kabichi. Walter alinambia mwenyewe, mwaka tuliooana. Walikuwa wakulima wa kabichi. Tulikuwa tumesimama bustanini kwetu."

Nikaishika habari ile kama yai. Nikapanda nayo ghorofa ya tatu.

"Bi Edna, Lorraine anasema jina si mkaa. Walter alimwambia ni kabichi."

"Alimwambia nini?"

"Kabichi."

Nilidhani nimeharibu tena. Mabega yake yakaanza kutikisika. Kicheko kilimtoka kwa shida, kama bomba la maji lililokaa bila kufunguliwa, kwanza kutu, halafu maji. "Kabichi! Mimi niliambiwa mkaa kwa sababu alikuwa anamuuzia babangu tanuri ya mkaa! Akampata msichana mwenye bustani, ikawa kabichi!" Akajifuta macho. "Angeoa muuza barafu, ingekuwa baridi."

"Hiyo nayo imo kitabuni," nikasema.

Akacheka tena. Halafu akanitazama kwa namna nyingine.

"Bibi Haji. Kwenu wanaume huoa wawili, siyo?"

"Wengine. Babangu alikuwa nao wawili."

"Na yule wa kwanza, anakuwa nani?"

"Anakuwa Bi Mkubwa. Yule wa pili ni Bi Mdogo. Mamangu alikuwa Bi Mdogo."

"Anakuwa mkubwa kwa nini?"

Nikaeleza. Nilimwambia sisemi kwetu ni raha. Nyumba ya wake wawili ina moshi hata jikoni hamjawashwa. Lakini kuna cheo. Bi Mkubwa, Mwanahawa binti Ali, Mungu amrehemu, alisalimiwa kwanza na kila mtu, hata na mamangu. Kukipikwa, sahani yake hutoka kwanza. Arusi ikija, yeye ndiye huulizwa tuvae leso gani. Na mamangu alipoletwa kuonana naye mara ya kwanza, hakuingia tu. Alisimama mlangoni akapiga hodi, akangoja aitikiwe.

"Na mume akimwacha huyo wa kwanza?"

Hapo palikuwa pagumu. Kusema kweli, kwetu mwanamke akishapewa talaka, cheo kimekwisha. Lakini ukweli ule niliukunja kama shuka yenye mpira pembeni. Haikunjiki vizuri, ila ukiikazania huingia kabatini.

"Aliyekuwa wa kwanza ni wa kwanza," nikasema. "Hakuna wa pili anayeweza kuhesabiwa bila yeye."

Bi Edna alitazama mikono yake. "Mimi hakuna aliyenipigia hodi," akasema. "Nilirudi kazini nikakuta misumari mitupu mlangoni, pale alipokuwa akitundika makoti. Watu wote wa mtaa walikuwa wanajua. Na tangu siku ile mimi ndiye nimekuwa yule wa zamani. Hata kanisani. Bibi Gathercole akawa yeye, na mimi nikawa Edna maskini."

Nilimpangia sweta zake, nikashuka.

Kwa Lorraine nilifika Alhamisi. Sanduku lilikuwa limefunguliwa juu ya kitanda. Nikamwuliza kama anajua kuomba kuingia mahali.

"Unataka nimwombe msamaha?" akasema. "Nilishamwandikia, zamani, alirudisha bila kufungua. Na nikuambie kweli, mpenzi, sitasema najuta. Nilimpenda yule mtu. Nina Karen kwa sababu yake."

"Sikusema msamaha," nikamwambia. "Nimesema hodi."

Nikamfundisha. Kwetu unasimama nje ya mlango, hata kama uko wazi. Unasema hodi. Ukiitikiwa karibu, unaingia. Usipoitikiwa, unangoja kidogo, unasema tena. Mara ya tatu ikipita kimya, unakwenda zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Mwenye nyumba ana haki ya kutokuitikia.

"Na yeye analijua hilo?"

"Nitamweleza."

"Akinyamaza?"

"Utakwenda kaskazini. Lakini utakuwa umekwenda baada ya kubisha."

Alilisema neno lile mpaka likakaa. Lilimtoka "hodii", na mwisho wake umenyanyuka kama swali. Si vibaya, maana hodi ni swali.

Nikapanda kumweleza Bi Edna desturi yote, na zile mara tatu. Alikuwa amenipa mgongo, anapanga vitu ambavyo havikuhitaji kupangwa. "Sijaahidi kitu," akasema.

Ijumaa Karen alikuja mapema, koti halijavuliwa, macho mekundu. Bwana Dale alikuwa na karatasi za uhamisho kwapani. Mama Furaha akapanda kutoka udobini akidai amekuja kuchukua mataulo, lakini toroli hakuwa nalo. Lorraine akasema anataka kupita ghorofa ya tatu kwanza. Karen akasema, "Mama, tafadhali, usijiumize." Lorraine akasema, "Bonyeza lifti."

Alivaa shali ya hariri. Nilikuwa nimeipiga pasi kwa kitambaa juu yake, maana hariri haitaki chuma uso kwa uso. Mimi ndiye niliyemsukuma. Mlango wa Bi Edna ulikuwa wazi nusu, tukamwona amekaa kiti chake cha dirishani, ametazama nje, rangi ya mdomo ameipaka. Nikasimamisha kiti nje ya kizingiti, nikaondoa mikono yangu.

"Hodi," akasema Lorraine.

Bi Edna hakugeuka. Kipasha joto kilikuwa kinagonga ukutani, na Mama Furaha nyuma yangu alikuwa anasali kwa Kifaransa.

Lorraine alingoja vizuri. Nilimfundisha angoje na alingoja, mikono magotini. Halafu akasema kwa sauti kubwa kidogo, "Hodi."

Niliona bega la Bi Edna likisogea. Basi. Karen alimshika Dale mkono akamwambia kwa upole, "Twendeni tu. Inatosha." Akaja kushika kiti. Lorraine akaweka mkono wake juu ya gurudumu, akalizuia.

"Bado moja," akamwambia binti yake.

Akavuta pumzi. Alipoisema safari hii haikuwa kubwa, wala haikuwa ya kuigiza tena. Aliisema kama mtu aliyekuja mlangoni kweli, ambaye amechelewa sana na anajua kwamba amechelewa. "Hodi, Edna."

Nami nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni, haya, ndiyo desturi, ana haki ya kutokuitikia. Bi Edna akageuka. Akamtazama mwenzake tangu miguu mpaka nywele, kama anavyotazama mkuu wa jikoni sahani kabla haijatoka.

"Ingia," akasema. "Lakini hiki kiti cha dirishani ni changu, na mezani mimi ndiye napakuliwa kwanza. Nimeambiwa ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo," akasema Lorraine, akageuza magurudumu mwenyewe.

Dale alisimama na karatasi zake, akaniuliza polepole, "Kwa hiyo nani anahama?" Jibu akalitoa Bi Edna, akamwita afunge mlango. Nikamgeukia Karen nikamwomba lile sanduku. Nikashuka nalo udobini, nikazifungua zile blauzi za maua moja moja, nikawasha pasi, kwa sababu nguo zilizokunjwa za safari hazifai kuvaliwa mezani, na saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia.